Gari la spoti kwenye theluji: shuka inchi, pesa weka kwenye mpira

Kila ikifika Novemba, wapenzi wa magari tunaoongea Kiswahili hapa Ottawa, Kanada, tunaanza kuulizana habari za matairi ya baridi, na swali la kwanza karibu kila mara huwa la rimu. Rimu nyeusi au ya fedha? Inchi ngapi? Itajaza vizuri chini ya bodi? Mpira wenyewe unafikiriwa mwishoni, kwa chenji iliyobaki. Mimi naona mambo yamepinduliwa. Kwa mwenye gari la spoti, baridi ndiyo wakati wa kushuka inchi, kupunguza upana na kumwaga pesa kwenye mpira. Gari likipoteza urembo hadi Aprili, na liupoteze.

Mfano wangu ni Toyota GR86, kwa sababu ndilo gari ninalolifahamu vizuri, na kwa sababu Mkenya yeyote aliyewahi kuugua ugonjwa wa Subaru hatajisikia mgeni humo. Ni pacha wa Subaru BRZ. Injini ni boksa (pistoni zimelala kulia na kushoto) ya lita 2.4 kutoka Subaru, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na hata rimu zake zinafuata vipimo vya Subaru, si vya Toyota. Hilo la mwisho nitalirudia, lina faida mfukoni.

Lenye rimu za inchi 18 linatoka dukani na Michelin Pilot Sport 4, tairi tamu sana mwezi wa saba. Shida yake ni kwamba mpira wa tairi la kiangazi unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7. Wengi wanadhani hatari inaanza theluji ikianguka. Hapana. Lami kavu kabisa, asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, inatosha: tairi linateleza kama kandambili za plastiki kwenye vigae vilivyolowa. Michelin wenyewe wanaonya kwamba matairi yao ya aina hiyo yasiendeshwe wala kusogezwa kwenye baridi ya chini ya takriban nyuzi 7 hasi, kwa sababu mpira unaweza kupasuka. Sasa Ottawa, wastani wa Januari nzima ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri, na msimu mmoja unaweza kutushushia zaidi ya mita 2 za theluji. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Hapa ndipo wenye Subaru WRX wananitazama kwa huruma. Gari lao linavuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo wanaona wao habari hii haiwahusu. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia kuondoka kwenye taa. Kwenye kusimama hakusaidii kitu, maana kila gari barabarani lina breki kwenye magurudumu manne, hata Corolla ya babu. Pita barabara ya 417 siku ya theluji nzito uone. Hukosi kukuta SUV kubwa imelala mtaroni na taa zinawaka. Ningepewa nichague, ningechukua gari la kusukuma nyuma lenye matairi mazuri ya baridi kabla ya gari la kuvuta kote lenye matairi yaliyoandikwa M+S tu. Herufi hizo, kifupi cha Kiingereza cha matope na theluji, zinaeleza umbo la meno ya tairi, basi. Alama ya kutafuta ubavuni ni ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo haipatikani mpaka tairi lifaulu jaribio la kushika kwenye theluji iliyoshindiliwa. Na hata hiyo haikuambii litasimamaje juu ya barafu tupu, ndiyo maana matairi mawili yenye alama ileile yanaweza kutofautiana mno.

Tuje kwenye vipimo. Tairi la kiwandani ni 215/40R18, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu inchi 18. Piga hesabu: ubavu unatoka milimita 86, kana kwamba walifanya makusudi. Ukihamia 205/55R16, ubavu unapanda hadi karibu milimita 113, na kimo cha gurudumu zima kinatoka milimita 629 kwenda 632. Spidomita haitajua kama umebadilisha kitu. Lakini wewe utajua mwezi wa tatu, barafu inapoyeyuka mchana na kuganda usiku, na lami ya mji huu inapoanza kufumuka mashimo. Ubavu mwembamba unaupeleka ukingo wa shimo moja kwa moja kwenye rimu. Ubavu mnene unaumeza.

Upana nao. Tairi pana linapokutana na lile tope la kijivu, theluji iliyoyeyuka nusu na kuchanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani, linapanda juu yake na kuelea. Jembamba linakandamiza uzito uleule kwenye eneo dogo, linakata tope hadi chini. Anayeona huu ni ubahili wa wahamiaji akumbuke kwamba Toyota wenyewe mwaka 2012 waliuza Japani 86, mtangulizi wa GR86, ya daraja la RC yenye rimu za chuma za inchi 16 na matairi 205/55R16, bampa hata rangi hazijapakwa. Gari lilikuwa la spoti vilevile.

Kabla hujalipa, hakikisha breki zinaingia. Kama gari lako limekuja na breki kubwa za Brembo, inchi 16 sahau, anzia 17. Kisha angalia mambo ambayo muuzaji wa mtandaoni hakuandika: boliti tano kwenye duara la milimita 100, tundu la katikati milimita 56.1, na namba ya ET, inayosema rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Ya kiwandani ni 48. Rimu za madukani mara nyingi zina tundu kubwa zaidi, zikafungwa bila pete ya kuziba pengo, usukani ukaanza kutetemeka kwenye kilomita 100 kwa saa na mtu akalaumu matairi. Pete ichukue ya plastiki. Ya alumini inaganda kwenye rimu kwa sababu ya chumvi, na majira yakibadilika utaipiga nyundo.

Nati ndizo zinazowaumiza watu. Gari lina nembo ya Toyota, lakini uzi wa boliti ni wa Subaru, 12x1.25 (unene wa boliti na nafasi kati ya nyuzi, kwa milimita), wakati Toyota nyingi ni 12x1.5. Nati ya Corolla itaanza kuingia kisha igome, na fundi mwenye haraka na spana ya upepo atailazimisha mpaka uzi ukatike. Mpelekee nati zako mwenyewe.

Faida yake sasa. Kwa kuwa vipimo ni vya Subaru, rimu kuukuu za inchi 16 za Impreza zinaingia, na hizo mji huu umejaa, kwa sababu bodi za Impreza zinaliwa na kutu kabla rimu hazijachoka. Epuka zilizotoka kwenye Impreza WRX STI, ile ya mbio, ya kuanzia 2005, ambayo duara lake la boliti ni milimita 114.3. Rimu hizi za Impreza si nzuri za kupigia picha. Bei yake inaacha pesa ya mpira, na hapo ndipo ninapopataka.

Wenye Mustang GT ya 255 mbele na 275 nyuma, wakati wa baridi wekeni upana mmoja kote ili matairi yaweze kuzungushwa mbele na nyuma yaishe pamoja. Porsche 911 ni habari nyingine. Injini iko nyuma na kiwanda kimetaja vipimo vyake vya baridi, nyuma vipana kuliko mbele. Fuata hivyo. Mwenye pesa ya 911 hahitaji ushauri wangu wa kubana matumizi.

Rimu za kung'aa kwa kromu au alumini iliyosuguliwa bila rangi usiziguse mpaka Mei. Chumvi inapenya chini, zinachubuka na kuanza kuvuja upepo pale tairi linapokaa. Chuma cheusi kinatosha, kikigonga shimo kinapinda badala ya kupasuka. Alumini iliyopakwa rangi vizuri nayo sawa.

Mpira, sasa. Kuna koo mbili na watu wanazichanganya. Moja ni ya Ulaya ya kati, Michelin Pilot Alpin 5 au Pirelli Sottozero, iliyokusudiwa barabara za kasi zenye mvua na baridi na theluji ya hapa na pale. Usukani unabaki mkali, herufi za kasi, zinazotaja mwendo wa juu ambao tairi linaruhusiwa, ni V (kilomita 240 kwa saa) au H (210). Nyingine ni ya kaskazini: Nokian Hakkapeliitta R5, Michelin X-Ice Snow, Bridgestone Blizzak WS90. Mpira wake ni laini, umechanjwa chale ndogondogo, na kasi yake mara nyingi inaishia R au T, yaani 170 au 190. Wafini wa Nokian walianza kutengeneza tairi la baridi mwaka 1934, Hakkapeliitta ya kwanza ikatoka 1936, kwa hiyo hawabahatishi.

Wenye magari ya spoti wanavutwa na ukoo wa kwanza kwa sababu ya herufi ya kasi na jina lenye sifa. Anayeishi Stuttgart au Vancouver mjini, sawa, achukue. Kwa Ottawa, Montreal, Minneapolis, mimi nachagua wa kaskazini bila kusitasita. Ndiyo, gari litayumba kidogo kwenye kona kavu, na usukani utachelewa. Kilomita 170 kwa saa unaitaka ya nini kwenye barabara yenye barafu?

Sheria haitakusukuma vya kutosha. Ukivuka mto kwenda Gatineau umeingia Quebec, ambako gari lililosajiliwa huko lazima liwe na matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Upande wetu wa Ontario hakuna amri hiyo, ila tangu 2016 kampuni za bima zinatakiwa kutoa punguzo kwa mwenye matairi ya baridi. Wapigie simu uliombe, wengi hawalipewi kwa sababu hawakusema. Matairi ya misumari yasikutie tamaa. Kati ya wakazi wa Ontario, wanaoruhusiwa ni wa kaskazini tu, na Ottawa si kaskazini hata baridi ikisemaje.

Ukinunua yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyochapwa ubavuni: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Pima meno pia. Yakishafika milimita 4, kwenye theluji hayafai, hata kama kwa macho hayajawa kipara. Upepo unashuka takriban psi 1 kila joto likipungua nyuzi 5 au 6, hivyo upime asubuhi, gari likiwa limelala nje. Vihisio vya upepo Kanada si lazima kisheria. Asiye na pesa ya kuvinunua anaweza kuvumilia taa ya njano na kununua kipimo cha mkono, mradi akitumie.

Na ukishafunga, endesha kilomita 80 hadi 100 kisha kaza nati tena kwa spana ya kupimia nguvu. Gereji nyingi zinaandika hilo chini ya risiti, kwa herufi ndogo, na nati zinazolegea ni za yule aliyekunja risiti bila kuisoma.