Sahihi za Gavana Evelyn Baring

Sir Evelyn Baring mara nyingi husimuliwa kama muungwana aliyeikuta Kenya inawaka moto: mrefu, mpole, afya yake dhaifu, mpenzi wa ndege na maua, akivutwa huku na walowezi na kule na majenerali. Masimulizi hayo yanamstahi kupita kiasi. Gavana wa koloni hakuhitaji kuwa mkali wa sura wala wa sauti. Alihitaji kalamu, na Baring aliitumia yake tangu Oktoba 1952 hadi alipoondoka 1959. Anayetaka kumjua aanzie kwenye karatasi alizotia sahihi.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1903 katika ukoo wa benki ya Baring Brothers. Baba yake, Lord Cromer, aliitawala Misri kuanzia 1883 hadi 1907 kwa cheo cha balozi mdogo tu, huku Khedive, mtawala wa Misri, akibaki na kiti na jina. Mama yake alikuwa binti wa Marquess wa Bath, na mkewe, Lady Mary Grey, aliyemwoa mwaka 1935, alikuwa binti wa Earl Grey. Alisoma Winchester, kisha Oxford alikopata daraja la kwanza katika historia. Mwaka 1926 akaingia utumishi wa India, ila amiba zilimharibu ini na ikambidi aache 1934. Mwaka 1942, akiwa na miaka 39, alifanywa gavana wa Rhodesia ya Kusini. Hakuwahi kuwa mkuu wa wilaya (DC) popote Afrika. Jina na jamaa zilimfupishia ngazi.

Mwaka 1944 alipandishwa kuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, akiwa Pretoria na Cape Town huku akisimamia Basutoland, Swaziland na Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Kazi yake huko haitajwi sana kwetu, nayo ndiyo inayoonyesha mapema namna alivyofanya mambo. Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabangwato, alimwoa Ruth Williams, Mwingereza mweupe, mwaka 1948. Juni 1949 baraza la wananchi, yaani kgotla, lilikaa Serowe na kumkubali Seretse. Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini serikali ya Malan huko Afrika Kusini, iliyokuwa ikijenga ubaguzi wa rangi, ilikasirika, na Uingereza ilihofia kuikosa urani ya nchi hiyo na kuziponza himaya zake tatu. Ushauri wa Baring kwa London ukawa: iundwe tume ya uchunguzi, muda upatikane. Tume ya Jaji Harragin ilikiri kwamba Seretse anafaa kutawala isipokuwa kwa sababu ya ndoa hiyo, na ripoti ikafungiwa kabatini kwa miongo kadhaa. Seretse aliitwa London kwa mazungumzo, kisha akaambiwa hatarudi kwao kwa miaka 5.

Tarehe 13 Machi 1950 Baring alikwenda Serowe mwenyewe kulitangazia kgotla uamuzi huo, amevaa sare kamili ya kiserikali. Uwanja ulikuwa mtupu. Wabangwato walikuwa wamekubaliana asiende mtu.

Kenya ilimpata vibaya. Gavana Philip Mitchell aliondoka Juni 1952, na Baring alipaswa kufika mapema, lakini aliumia mkono kwa shoka nyumbani kwao Howick, akaingia Nairobi mwisho wa Septemba. Kwa miezi 3 koloni iliachiwa kaimu, Henry Potter, wakati viapo vya Mau Mau, harakati ya siri ya kupigania ardhi na uhuru, vinaenea na walowezi wanapiga kelele. Tarehe 7 Oktoba Chifu Waruhiu wa Kung'u akauawa kwa risasi. Baring alizuru Mkoa wa Kati kwa siku chache, akasikiliza zaidi maofisa, machifu na wamishonari, kisha akamwomba Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, idhini ya kutangaza Hali ya Hatari. Sahihi aliitia tarehe 20 Oktoba, hata mwezi haujatimia tangu awasili. Usiku huo askari wa Lancashire Fusiliers walikuwa wakishuka kutoka Misri, na Kenyatta akakamatwa pamoja na wengine zaidi ya 100.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu watu husema "Waingereza walitangaza Hali ya Hatari" kana kwamba lilikuwa tangazo tu. Tangazo lilimpa gavana uwezo wa kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria bila kupitia Baraza la Kutunga Sheria. Kwa kanuni hizo aliweza kumweka mtu kizuizini bila kesi, na baadaye mamlaka hayo yakakasimiwa kwa maofisa wa chini yake. Kwa kanuni hizo adhabu ya kifo ilipanuliwa kutoka kuua hadi kusimamia kiapo, kupatikana na bunduki au risasi, na kuandamana na wenye silaha. Kufikia Desemba 1954 waliokuwa kizuizini walizidi 70,000. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka bomani kwao na kujazwa katika vijiji vyenye ulinzi.

Walionyongwa walikuwa zaidi ya 1,000; hesabu inayokubalika na wanahistoria ni 1,090. Walio wengi hawakupatikana na hatia ya kuua. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kwa kupatikana na bastola na risasi 6. Kila hukumu ya kifo, rufaa ikishashindwa, ilifika kwa gavana, naye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kusamehe. Na aliweza akitaka. Waruhiu Itote, kamanda wa Mau Mau aliyeitwa Jenerali China, alikamatwa Januari 1954 akahukumiwa kifo, kisha Baring akambadilishia adhabu kwa kuwa alihitajika kuwashawishi wenzake msituni wajisalimishe. Kwa hiyo huruma ilikuwepo, ila ilitolewa kwa mwenye faida.

Kesi ya Kapenguria, ambapo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, inamwonyesha kwa karibu zaidi. Jaji Ransley Thacker alitolewa katika ustaafu ili aisikilize, na serikali ya Baring ikamlipa pauni 20,000 kando. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya serikali. Aprili 1953 Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko walifungwa miaka 7 kwa kazi ngumu, ingawa hukumu ya Oneko ilitenguliwa kwenye rufaa naye akabaki kizuizini vilevile. Macharia alipoapa mwaka 1958 kwamba alidanganya mahakamani, alishtakiwa na kufungwa kwa kiapo hicho kipya.

Wanaomtetea hudai hakujua yaliyotendeka kambini. Alijua. Kamishna wa Polisi Arthur Young, aliyeletwa mwaka 1954 kulisafisha jeshi la polisi, alimpelekea malalamiko juu ya mauaji na mateso yaliyofanywa na homugadi, yaani walinzi Waafrika wa upande wa serikali, na juu ya maofisa waliowalinda, asipate msaada, akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Januari 1955 Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji wakijisalimisha hawatanyongwa kwa makosa yaliyopita, na homugadi hawatashtakiwa kwa waliyokwisha kutenda. Ushahidi aliokusanya Young ukakosa pa kwenda.

Halafu ikaja kambi ya Mwea, 1957. Wafungwa wagumu, waliokataa kukiri viapo, waliletwa kutoka kambi ya Manyani kwa makundi madogo na kuchanganywa na waliokwisha kukiri. Walipofika waliamriwa kuvaa nguo za kambi na kunyolewa. Aliyekataa alipigwa, aliyeanza kupiga ukelele wa kuwatia moyo wenzake aliangushwa, akawekewa mguu kooni na kujazwa matope mdomoni. Maelezo haya yameandikwa na Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, katika waraka wa Juni 1957, na Baring ndiye aliyeupeleka London kwa Waziri Alan Lennox-Boyd akiomba mbinu hiyo ikubaliwe. Kanuni ziliandikwa kutenganisha nguvu ya kumlazimisha mtu atii amri na nguvu ya kumwadhibu. Kwenye karatasi, tofauti ilionekana. Uwanjani, mwenye rungu ndiye aliyeamua ipi ni ipi.

Kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, ilifuata mkondo huohuo. Mpango wa afisa wa magereza John Cowan ulisema wakaidi watolewe kwa makundi ya watu wapatao 20, wazungukwe na askari wengi, walazimishwe kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959 walitolewa 85 kwa pamoja. Watu 11 walipigwa hadi kufa. Tangazo la serikali lilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji, mpaka uchunguzi wa maiti ulipoonyesha majeraha. Bunge la Uingereza lilijadili usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, na hata Enoch Powell wa chama tawala akasimama kulaani. Baring hakuwajibishwa. Alimaliza muda wake Oktoba, na mwaka 1960 akapewa ubaruni: Lord Howick wa Glendale.

Upande wa pili wa daftari lake upo, nao ni wa kweli. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulimfungulia mkulima Mwafrika kahawa na chai kwa upana ambao hakuwahi kuruhusiwa. Baadaye, akiwa mwenyekiti wa shirika la maendeleo la makoloni, CDC, hadi 1972, shirika hilo liligharamia chai ya wakulima wadogo ambayo ndiyo msingi wa KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo wa Kenya. Wanaokunywa na kuuza chai hiyo wana haki ya kulijua hilo. Lakini mashamba yaliunganishwa na kupimwa wakati maelfu wako kizuizini, na sheria ya 1957 ikasimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika. Aliyerudi akakuta shamba lake limeandikwa kwa jina la homugadi hakuwa na mlango wa kubisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sahihi iliyodumu kuliko zote, kwa sababu ugomvi wake ungali unaendelea katika familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri.

Baring alifariki Machi 1973. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa ilificha majalada ya makoloni huko Hanslope Park, yakiwemo takriban 1,500 ya Kenya. Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa enzi hizo. Mmoja wa waliofungua njia hiyo mahakamani, Wambugu wa Nyingi, alikuwa amenusurika Hola. Majalada hayo sasa yako katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya namba FCO 141, na mtu yeyote anaweza kuomba kuyasoma. Nakala kamili ziletwe Nairobi, zisomwe na wanafunzi wetu bila kuomba visa.