Zimamoto Hawakuitwa!

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti aliyorekodi sahibu yangu, eti zimamoto waliitwa kunichomoa ndani ya gari la makumbusho: hawakuitwa. Waliokuja ni wafanyakazi wawili tu, na mmoja wao kazi yake ilikuwa kucheka.

Jana, Berlin, makumbusho ya maisha ya kila siku ya Ujerumani Mashariki. Kila kitu ruhusa kugusa: makabati, vyombo vya jikoni, simu za kuzungusha namba. Na Trabant nzima, kile kigari chao cha enzi hizo, unaingia "unaiendesha", kioo cha mbele ni skrini. Nikaingia, mimi na kilo zangu 110 na koti la baridi.

Mwanzo raha. Skrini inanipitisha baina ya magorofa ya zege, nikapiga ukelele: "Michenzani hii!" Msinicheke. Nimezaliwa kwenye majumba yale ya Zanzibar, na ni hawahawa Wajerumani Mashariki waliotusaidia kuyajenga baada ya Mapinduzi ya 1964.

Haya, sasa kutoka. Gia ya Trabant haiko chini, inachomoza kando ya usukani kama mkono wa mwavuli, na kamba ya koti langu ishajizonga pale. Goti la kushoto limekwama chini ya usukani. La kulia hata sijui liko wapi. Nikijisukuma, gari linalia kwiii. Nikakumbuka bodi yake si bati, ni pamba iliyoshindiliwa na plastiki, nikaona leo natoka nimeuvaa mlango. Mfanyakazi akapiga magoti, akashika mguu, akavuta. Kiatu kikaenda naye. Mguu ukabaki. Na soksi, jamani, ilikuwa ile yenye dirisha (msijifanye hamnazo), kidole gumba kikatoka taratibu kuwasalimia watoto wa skuli waliokuwa kwenye foleni.

Mzee mmoja nyuma yao akasema neno, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sahibu yangu akanitafsiria, meno yote nje: "Anasema Trabant yake aliisubiri miaka 12 tangu kuiagiza, kwa hiyo usifanye haraka."

Wakakata kamba, nikachomoka, nikaomba radhi kwa lugha tatu, basi. Chumba cha Stasi, ile polisi yao ya siri, nilikipita mbio. Mahojiano nimefanyiwa na mke wangu usiku kucha kwa simu, na hadi sasa anauliza zile pea sita mpya za soksi alizonipangia sandukuni zilikuwa za nani.