Fundi wa Sanamu za Resini Aanze na Mtepe

Naamini kwamba mtu wa Unguja anayetaka kuishi kwa kutengeneza sanamu ndogo za resini (plastiki ya majimaji inayomiminwa ikaganda), zile za michezo ya vita ya mezani, asihangaike na askari wa kubuni. Kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1975, imekwishalishika soko hilo, na hakuna fundi wa Mwembeladu atakayeiweza kwa bei. Fundi mdogo huishi kwa kile ambacho mkubwa hakishughulikii, na sisi tuna bahari na vyombo vyake.

Wengi watakimbilia vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyodumu chini ya saa moja. Mimi siviafiki kwa mchezo, kwa kuwa upande mmoja hauna njia ya kushinda, ingawa Glasgow, meli ya Sultani iliyozama bandarini siku hiyo, milingoti yake ikabaki juu ya maji, ingependeza mezani. Bora zaidi ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka. Mshono wake huchongwa mara moja tu kwenye sanamu ya asili, kisha humiminiwa silikoni ili kupata kalibu ya kumiminia resini, na mikono iliyozoea kunakshi milango ya Mji Mkongwe haitashindwa.

Shida iko hewani. Kigumisho cha resini ya poliyurethani kikikutana na unyevu hutoa kaboni dioksaidi, na chombo kilichomiminwa wakati wa masika huweza kutoka na vitundu kama mkate wa kumimina, na kwenye ncha ya mlingoti kitundu kimoja kinatosha kuuvunja. Tangi la shinikizo hubana mapovu, lakini kompresa inayolijaza hewa nayo huvuta unyevu uleule, hivyo bila chujio la maji mtu anajiongezea tabu. Makopo yafungwe mara tu baada ya kupima, chumba kikaushwe kwa kiyoyozi, na gharama ya umeme huo iingie kwenye bei tangu mwanzo. Msasa utumike na maji, kwani vumbi la resini si la kuvuta.

Zaidi ya hayo, kalibu za silikoni huchakaa na kuhitaji kutengenezwa upya, ndiyo maana sioni vibaya fundi kutoza bei kubwa kwa mtepe mmoja. Atakayeona ghali, majahazi ya mbao ya watalii yapo tele madukani.