Walker hakuwa na simba, alikuwa na mkojo

Jirani yangu hapa Leeds, Uingereza, amenunua simba. Simba wa karatasi, ndani ya fremu, kasimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, juu yake kofia ya chuma, chini utepe wa Kilatini ambao mzee mwenyewe hawezi kuusoma. Na jina la ukoo wa mzee: WALKER. Pauni 35, kibandani sokoni. Aliniita mlangoni kwake kunionyesha, uso unang'aa kama kapata hati ya shamba la babu.

Nikasema, "Hongera, mzee." Ningesema nini?

Nilirudi ndani nimefura. Hakuna nembo ya jina! Uingereza nembo kama hiyo hupewa mtu mmoja na uzao wake, na ofisi inayozitoa, College of Arms, ipo London tangu 1484. Wapo kina Walker waliopewa, haya, nakubali. Lakini kuitwa Juma hakukupi nyumba ya Juma mwingine. Na yule Madam C. J. Walker wa Marekani, tajiri wa bidhaa za nywele, aliyezaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867 na kupata jina kwa mumewe, naye tumfungie simba?

Utapeli ningeusamehe. Kinachoniuma ni kile ambacho simba huyo amekifunika.

Sufu ikitoka kwa mfumaji bado imelegea kama chandarua na mafuta ya kondoo yamo. Zamani ilitumbukizwa kwenye hori la maji na mkojo. Ndiyo, mkojo, tena uliochacha siku kadhaa, maana ukichacha hutoa amonia, na amonia hukata mafuta. Kisha mtu anavua viatu, anakunja nguo hadi mapajani, anaingia humo, anakanyaga. Kutwa. Nyuzi zinashikana, kitambaa kinasinyaa na kuwa kizito, hata mvua ya huku inakiheshimu. Mkanyagaji huyo Kiingereza cha kale kilimwita wealcere. Ndiye Walker. Kusini mashariki akaitwa Fuller, kusini magharibi Tucker; kazi ileile, uvundo uleule.

(Wengi wetu Walker tunayemjua ni yule wa kwenye chupa ya wiski, Johnnie Walker, bwana wa kofia ndefu anayetembea kwa maringo tangu 1908. Ndiyo maana watu wanadhani jina ni la msafiri. Msafiri wa wapi! Huyo alikanyaga siku nzima na hakutoka alipo.)

Majina ya ukoo yalianza kurithiwa Uingereza baada ya Wanormani kuingia 1066, wakubwa kwanza, na kufikia 1400 hivi watu wengi walikuwa nayo. Karani wa kodi ya kichwa ya 1379 akikuta kina John watatu kijijini, atawatenganisha vipi? Kwa kazi zao. Wakati huo vinu vya maji vilikuwa vimeshaanza kuponda sufu kwa nyundo za mbao, tangu karne ya 12. Miguu ikapumzika, jina likabaki. Mkojo nao ukabaki: hapa Yorkshire hata karne ya 19 ulikusanywa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya viwanda vya sufu.

Watu hao ndio walioivisha nchi nzima. Halafu mjukuu wao anauziwa simba, mnyama ambaye hakuna Walker hata mmoja aliyewahi kumkanyagia nguo!

Juzi nilishindwa kujizuia, nikamweleza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mkojo wa nani?" Wa mtaa mzima, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mama yake alifanya kazi kiwanda cha sufu Bradford, na jioni watoto hawakuruhusiwa kumkumbatia mpaka aoge, kwa harufu ya mafuta ya kondoo.

Nilitazama ukuta wote. Simba yupo. Picha ya mama haipo.