Kaseti haikuwa mwizi peke yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chama cha makampuni ya muziki ya Uingereza kilitoa nembo ya kaseti iliyochorwa kama fuvu juu ya mifupa miwili iliyopishana, mfano wa bendera ya maharamia, pamoja na maneno ya kuonya kwamba kurekodi nyumbani kunaua muziki. Kampeni ilipita, hukumu ikabaki. Hadi leo, kaseti ikitajwa katika historia ya vyombo vya habari hutajwa kama mlango ulioingiza wizi wa muziki. Hukumu hiyo si ya uongo, ila imeunganisha kesi mbili zilizostahili kusikilizwa mbalimbali.

Kesi ya kwanza ni nzito, na waliolalamika walikuwa na haki. Zamani, aliyetaka kutoa nakala nyingi za wimbo alihitaji kiwanda cha santuri. Philips ilipoonyesha kaseti yake Berlin mwaka 1963, kisha ikaruhusu makampuni mengine kuitengeneza bila ada ya leseni mradi yafuate vipimo, hitaji hilo likaondoka. Mwenye mtaji kidogo aliweza kuwa na mashine moja inayocheza nakala mama, nyingine kadhaa zikiinakili kwa pamoja, tena kwa kasi mara nyingi zaidi ya ile ya kusikilizia. Kila kaseti iliyotoka hapo ilikuwa sawa na mwenzake, na msanii hakuona hata senti. Huyo alikuwa mfanyabiashara wa mali ya wizi, na sina la kumtetea.

Kesi ya pili ni ya msikilizaji aliyeazima kaseti kwa rafiki na kuinakili, kisha naye akaazimwa, na mwingine akanakili kutoka kwake. Huyu ndiye nembo ilimlenga, na ndiye aliyeeleweka vibaya, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa imemwekea breki.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hukimbia sentimita 4.76 kwa sekunde. Studio zilizoea kutumia utepe wa milimita 6.3 kwa kasi ya sentimita 38, yaani mara nane. Ndani ya upana ule mdogo kuna njia nne za stereo, mbili kwa kila upande, kila moja ikiwa na kama milimita 0.6. Chembe za oksidi zinazobeba sauti ni chache, kwa hiyo ule mvumo wa “shshsh” uko karibu sana na muziki. Nakala ya nakala ina mvumo wa tepe zote mbili: zikiwa na ubora sawa, nguvu ya mvumo huongezeka maradufu, sawa na desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti). Ukifika kizazi cha nne, yaani kaseti ya nne katika mnyororo wa kunakili, zimekuwa 6.

Hata hivyo, mvumo si adui mkubwa. Adui ni pembe ya kichwa cha kusomea, kile kipande cha mashine kinachogusa utepe na kuusoma. Sauti nyembamba ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, ikiandikwa kwenye kaseti, wimbi lake lina urefu wa mikromita 4.76 tu. Kichwa cha mashine inayocheza kikiinama kwa robo ya digrii kulinganisha na kile kilichorekodi, ncha moja ya njia ile ya milimita 0.6 husomwa mikromita 2.6 nje ya mstari, zaidi ya nusu ya wimbi. Sauti hiyo hupungua karibu desibeli 5. Robo ya digrii si kitu: skrubu ya kichwa ikilegea kidogo, inatosha. Na kila nyumba ina mashine yake yenye mwinamo wake, kwa hiyo hasara hulimbikizana. Ukiongeza Dolby B, mfumo wa kupunguza mvumo, mambo huzidi kuharibika, maana mfumo huo hukuza sauti nyembamba zilizo hafifu wakati wa kurekodi na kuzishusha wakati wa kucheza. Zikifika zimeshapungua, mashine huzidhania kuwa hafifu kuliko zilivyokuwa, ikazishusha tena. Matoazi hufa kwanza, kisha nyuzi za juu za gitaa, kisha wimbo mzima unasikika kama umefunikwa blanketi. Wakati huo mpenzi wa wimbo alikwenda dukani.

Sasa chukua sauti ya mtu anayezungumza. Kwenye hezi 3,000, mwinamo uleule hauondoi hata nusu desibeli. Maneno yanavuka vizazi vingi yakiwa yanaeleweka. Mwaka 1978 hotuba za Khomeini, kiongozi wa dini wa Iran aliyekuwa uhamishoni akiipinga serikali ya mfalme, zilizotolewa Neauphle-le-Château, karibu na Paris, zilisomwa kwa simu hadi Iran, zikarekodiwa huko na kunakiliwa kaseti baada ya kaseti. Simu yenyewe ilikuwa imeshakata kila kitu juu ya hezi 3,400 hivi. Kaseti haikuwa na la zaidi la kuharibu. Chombo kilekile kilichouzuia muziki usifike mbali kiliachia neno likavuka mpaka, na serikali yenye udhibiti kamili wa redio na televisheni haikuwa na kituo cha kuzima. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko mauzo yoyote ya santuri, na nembo ile haikuwa na nafasi yake.

Ujerumani haikusumbuka kumtafuta mwizi: sheria yake ya mwaka 1965 ilitoza ada kwenye vinasa sauti, na mwaka 1985 ada hiyo ikafika kwenye tepe tupu, fedha zikaenda kwa wenye hakimiliki. Ni suluhisho butu, kwani anayerekodi mtoto wake akisoma shairi naye analipa. Lakini angalau halikumwita haramia.

Nguvu ya ile breki ilionekana ilipotoweka. Nakala ya kidijitali haina kizazi; ya mia ni sawa na ya kwanza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 ikalazimisha vinasa sauti vya kidijitali viwe na mfumo unaokubali nakala ya asili na kukataa nakala ya nakala. Kile utepe mwembamba ulichofanya bila kuambiwa, sasa kilitungiwa sheria. Kompyuta haikuhesabiwa kuwa kinasa sauti, kwa hiyo haikuguswa.