Tuizike FTP, FileZilla Tubaki Nayo

Hapa Lubumbashi wako vijana wengi wanaotunza tovuti za maduka, za parokia, za shule, na wengine wao bado wanapandisha mafaili kwenye seva kwa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili mtandaoni. Hiyo tuiache, tusingoje mwaka ujao.

FTP ilizaliwa mwaka 1971, kompyuta zilizounganishwa zikiwa chache na wenyewe wakijuana. Nani angewaza Wi-Fi ya hoteli, ambapo usiyemjua amekaa meza ya pili? Ukijiunga na seva, programu yako inatuma USER na jina lako, halafu PASS na neno lako la siri, herufi kwa herufi, bila kufichwa. Anayesikiliza njiani hana haja ya ufundi, anasoma tu. Telnet, ambayo baadhi ya mafundi bado wanaingia nayo kwenye ruta za zamani, ina ugonjwa huo huo. Dawa ipo tangu 1995: wezi wa maneno ya siri walipovamia mtandao wa chuo kikuu kule Helsinki, Tatu Ylönen akaandika SSH, njia ya kuingia kwenye seva ambayo inaficha kila kinachotumwa.

Mwaka 2021 vivinjari vya Chrome na Firefox viliitupa FTP, na utasikia watu wakisema tunalazimishwa kununua vipya. Kwa upande wa simu nawaunga mkono. TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya ufichaji unaolinda kurasa za mtandao, zilistaafishwa rasmi mwaka huo huo, na mama aliyenunua simu kuukuu katika soko la Kenya hapa Lubumbashi anaona kurasa zinakataa kufunguka, wala hakuna wa kumweleza sababu. Huyo kaonewa.

Lakini kwa FTP, hapana. FileZilla, programu ile ile uliyozoea kupandishia mafaili, inajua SFTP, yaani kuhamisha mafaili kwa kupitia SSH. Fungua orodha ya seva zako, palipoandikwa FTP chagua SFTP, mlango (port) 21 uwe 22, basi. Mara ya kwanza itakuuliza kama unaiamini seva (usibonyeze tu, linganisha alama zake za utambulisho (fingerprint) na zile ulizopewa na mwenye seva). Mafaili yako yatabaki kushoto, ya seva kulia, kama zamani. Hulipi hata faranga moja.

Wa kubanwa ni muuzaji wa nafasi ya tovuti anayekutumia maelekezo ya FTP peke yake. Kabla ya kumlipa tena, muulize kama anatoa SFTP, au walau FTPS, yaani FTP iliyofichwa kwa TLS. Akikujibu kwamba FTP inatosha, hamisha tovuti, kisha ubadilishe neno la siri, hasa kama ndilo unalofungulia barua pepe.