Mtoto wa sikoseli mbele ya mbunge

Ushauri anaopewa mzazi mwenye mtoto wa sikoseli ni mwepesi kutamka: nenda kamwone mbunge. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi zaidi wa selimundu, jina jingine la sikoseli, nchini Tanzania, kwa hiyo mbunge yeyote wa Mwanza, awe wa Magu, Nyamagana au Ukerewe, ana wapiga kura wenye mtoto wa namna hiyo. Utata uko kwingine: familia iende kuomba nini, na mtoto aende nayo au abaki nyumbani.

Wanaosema mtoto aonekane wana hoja nzito. Karatasi ya takwimu hupewa msaidizi aisome. Mtoto wa miaka minane aliyepooza mkono kwa kiharusi hapewi msaidizi. Kiharusi hicho kingeweza kutabirika kwa kupima kasi ya damu kwenye mishipa ya ubongo kwa mawimbi ya sauti, na mbunge akielezwa hivyo huku anautazama ule mkono, hasahau. Huyo ndiye atakayeinuka bungeni na swali la nyongeza, na bajeti ya Wizara ikisomwa ndiye atakayeshika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo.

Lakini mara nyingi mambo huishia ofisini pale pale. Mbunge akimwona mtoto mgonjwa, mkono unaingia mfukoni. Si roho mbaya, ndivyo tulivyolelewa. Familia inatoka na nauli, pengine na bima ya mwaka mmoja, inashukuru, na zahanati yao inabaki bila penisilini ya kuwakinga watoto hao na maambukizi, kama jana. Ombi la mgonjwa limejibiwa, la wagonjwa halikuwasilishwa. Na wanaokwenda na ombi kubwa, matibabu bure kwa watoto wote wa selimundu, hukwama kwa sababu nyingine: Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia hoja ya kuongeza matumizi ya Serikali isipokuwa Rais ameipendekeza kupitia waziri. Mbunge anaweza kupiga kelele, hawezi kuandika muswada huo peke yake.

Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nayo inafundisha jambo. Mchango ulikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ilipositishwa mwaka 2023, maelezo ya Mfuko yalikuwa kwamba wazazi wengi walisubiri mtoto augue ndipo wamsajili. Kwa hiyo familia inayojenga hoja yake yote juu ya mtoto aliyekwisha kuugua inampa mhasibu wa bima silaha ya kuikataa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka huo huo ilikuja na mkondo tofauti, wa kuchangisha watu wote, wazima na wagonjwa.

Kuna na la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, lakini picha ya mtoto na mheshimiwa ikishasambaa WhatsApp, sheria hiyo hairudishi kitu. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Hata hivyo ukweni anayelaumiwa ni mama. Kumwonyesha mtoto ni kuanika na dada zake ambao bado hawajaolewa.

Kwa maoni yetu, mzazi aende, mtoto abaki, na ombi liwe moja lenye hesabu. Kusamehewa malipo kwa watoto wa chini ya miaka mitano kumo kwenye sera tayari. Hakumsaidii anayeambiwa dawa hakuna, kanunue duka la nje. Aombe dawa. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutumia penisilini V miligramu 125 asubuhi na jioni, yaani kidonge kimoja cha 250 kwa siku. Watoto 40 kwenye kata ni vidonge 14,600 kwa mwaka. Akifika miaka mitatu, dozi inaongezeka maradufu mpaka atimize mitano. Idadi ya watoto inatoka kwenye rejista ya kliniki, na kama rejista haipo, hilo ndilo ombi la kwanza, maana kituo hukadiria dawa kwa wagonjwa walioandikwa. Kwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, kosa liko kwenye ukubwa wa kapsuli. Mtoto wa kilo 12 akianzishiwa miligramu 20 kwa kilo anahitaji 240 kwa siku, ilhali kapsuli ya kawaida ni ya 500. Mama anaifungua na kugawa unga kwa macho, dawa ambayo haifai hata kushikwa kwa mikono mitupu. Kuomba “haidroksiyurea” tu kutaleta kapsuli hizo hizo. Yaandikwe maneno “vidonge vya miligramu 100”.

Barua ya ombi hilo ianzie kwa diwani. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na mbunge mwenyewe ni mjumbe wa baraza la madiwani, hivyo anaweza kubanwa huko huko kwenye halmashauri, Nansio kwa Ukerewe au Magu mjini, bila mtu kupanda basi la Dodoma. Siku ya Selimundu Duniani, ambapo familia hualikwa kwa wingi, ni 19 Juni. Kufikia hapo bajeti ya Wizara ya Afya kwa kawaida imeshapitishwa, na halmashauri zilishafunga mapendekezo yao miezi kadhaa nyuma. Anayeulenga mwaka wa fedha unaoanza Julai apeleke hesabu yake kwenye kamati ya zahanati kabla ya Krismasi.